Mkono wa Mpishi wa Busaa

Mpenzi wa busaa akiingia mahali haulizi bei. Anauliza nani amepika. Akitajiwa jina analolijua, anavuta kiti. Akitajiwa jina geni, anaomba aonje kwanza, anakipeleka kikombe puani kabla hakijafika mdomoni, na waliomzunguka wananyamaza kidogo kungoja atasema nini. Nimeyaona hayo Matisi pale Kitale, nimeyaona Kanduyi karibu na mji wa Bungoma, na kila mara yamenithibitishia jambo ninalotaka kulisema bila kuzunguka: kupika busaa, pombe ya mahindi na wimbi, ni ufundi kamili, una mabingwa na wanafunzi wake, na wanaoinywa kwa mapenzi ni waamuzi wakali kuliko wengi wanavyodhani.

Busaa ya nyumbani haina nembo. Haina mwaka ulioandikwa ubavuni mwa chupa. Inaishi siku chache, na siku zake zikipita imechacha, basi. Kwa hiyo sifa ya mpishi haiwekwi stoo ikangojea mnunuzi. Mama aliyesifiwa Jumamosi iliyopita ataanza tena Jumatatu na unga, maji na kuni, na watu wale wale watarudi kumpima kwa ulimi, wakikumbuka vizuri sana ile ya wiki jana ilikuwaje. Nimewasikia wazee wakizungumzia busaa ya mama fulani aliyekwisha kufariki, wakieleza ilivyokuwa nzito bila kuchosha, ilivyokuwa na uchachu uliokuja mwishoni tu, na mwenzao akawakatiza kusema kwamba hapana, ubora wake ulikuwa kwenye harufu. Walibishana kwa heshima na kwa makini, kama watu wanaojua wanachokizungumza. Hawakuwa na karatasi yoyote ya kurejelea. Walikuwa na ndimi zao na kumbukumbu.

Kazi huanza na wimbi. Hulowekwa usiku kucha au zaidi, likachujwa maji, likatandazwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba au gunia bichi mpaka lichipue. Baada ya siku mbili tatu ukifunua unakuta zulia la vimizizi vyeupe vilivyoshikana, na joto linakupanda usoni. Hapo kuna uamuzi wa kwanza wa kweli. Likiachwa mno, vichipukizi hurefuka, nguvu ya punje huishia kwenye majani, na ukungu huingia. Likianikwa mapema mno, kimera huwa hafifu na busaa haitapanda. Mpishi mmoja wa upande wa Chwele alinionyesha anavyopima: anachota kiganja kimoja, anakivunja katikati, anatazama urefu wa mizizi, kisha anatafuna punje chache akiwa amefumba macho. Utamu ukitokea, anaanika. Ikiwa bado ni wanga mtupu mdomoni, anafunika tena na kwenda zake. Hakuna kipimo kingine alichotumia, na kimera chake kinatafutwa na wapishi wenzake mpaka mbali.

Kimera kikikauka juani husagwa, na wenye kujali hawataki kisagwe laini sana. Wakati huo unga wa mahindi umekwisha kukandwa na maji, ukashindiliwa ndani ya ndoo au pipa, ukafunikwa, ukaachwa siku mbili tatu uchachuke. Hatua hii haina mengi ya kusimulia: unga unakaa gizani unafanya kazi yake, na mtu anafanya yake.

Halafu unakuja moto, na hapa ndipo mabingwa hutengana na wapikaji tu. Bati pana lililokatwa kutoka kwenye pipa la chuma, kingo zake zimekunjwa juu, linawekwa juu ya mawe au ukuta mfupi wa udongo, na kuni zinasukumwa chini. Unga uliochachuka unamwagwa humo kwa mabonge. Mwanzoni bati linalia, mvuke mkali unapanda na kuyaingia macho, na harufu ni ya uchachu mtupu. Mpishi anasimama upande ambao upepo hautamletea moshi wote, mwiko mrefu wa mbao mikononi, anageuza. Anageuza tena. Mabonge yanapasuka kuwa madogo, madogo yanapasuka kuwa chenga, na chenga zinaanza kubadilika rangi: nyeupe inakuwa ya maziwa, ya maziwa inakuwa ya majani makavu, kisha hudhurungi inajitokeza kwenye kingo kwanza, mahali ambapo bati ni jembamba. Harufu nayo inahama. Uchachu unarudi nyuma na kinachokuja mbele ni mahindi ya kuchoma. Mama asiyejua kazi anafurahia harufu hiyo na kuongeza kuni. Anayejua anazitoa. Anajua bati limeshika joto la kutosha kumaliza kazi peke yake, na kwamba kuanzia hapo hatari iliyobaki ni kuunguza.

Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, bati baada ya bati, na mgongo ndio unaolipa. Nimewatazama wanawake wakikaanga tangu asubuhi mpaka jua la alasiri, na bonge la mwisho likageuzwa kwa uangalifu ule ule wa bonge la kwanza. Ukikaanga haba, busaa itakuwa na ladha ya unga mbichi kooni. Ukipitisha, itakuwa chungu, na uchungu huo hauna dawa. Sukari haiutoi, kimera hakiufichi. Kati ya mipaka hiyo miwili kila mpishi ana mahali pake. Wapo wanaopenda chenga za rangi ya dhahabu, busaa yao ikawa nyepesi na ya kuburudisha. Wapo wanaofika karibu kabisa na weusi, na busaa yao hushika ulimi muda mrefu baada ya kumezwa. Mnywaji aliyezoea anaweza kukuambia, akiwa amefumbwa macho, kama aliyekaanga ni mama wa nyumba ile au binti yake.

Chenga zikipoa huingizwa kwenye pipa au mtungi pamoja na maji na unga wa kimera, zikakorogwa, zikafunikwa. Siku mbili, tatu, wakati mwingine nne. Pipa linaanza kunong'ona, povu linapanda, juu kunajengeka utando mnene unaopasuka na kujifunga. Mpishi anasikiliza kwa sikio lililosogezwa kwenye mdomo wa pipa. Busaa ikiwa changa ni tamu na nzito, watoto wa mpishi huipenda kabla ukali haujaingia. Ikiiva, utamu na uchachu hukutana, na hapo ndipo huchujwa kwenye gunia au kitambaa, machicha yakaenda kwa kuku na nguruwe. Ukali wake kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 4 tu. Anayelewa busaa amekaa nayo muda mrefu.

Wanasayansi waliipa kazi hii heshima yake zamani. Mwaka 1980 mtafiti M. J. R. Nout alichapisha uchunguzi kuhusu viumbe vidogo vinavyoipika busaa ya Kenya, na alichokikuta kinaeleza kwa nini hakuna hatua inayoweza kurukwa. Bakteria wa uchachu hutangulia kwenye unga uliokandwa na kuweka asidi inayowazuia viumbe vibaya wasistawi. Moto unaisimamisha kazi yao na kuupika wanga mpaka ulegee. Kisha kimera kinaleta vimeng'enya vinavyoukata wanga huo uliolegea kuwa sukari, na hamira inaigeuza sukari kuwa kileo huku bakteria wa uchachu wakiendelea pembeni. Wanga mbichi kimera hakiuwezi sawasawa. Bila moto, basi, hakuna busaa, kuna uji uliochacha. Mabibi zetu hawakuwa na darubini, lakini waliufikia mpangilio huu mzima kwa kuonja, kukosa na kuonja tena, wakaupitisha kutoka mkono hadi mkono bila kuandika herufi moja. Hilo linanistaajabisha kila ninapolifikiria.

Kilichomo ndani ya pipa ni historia pia. Wimbi ni nafaka ya nyanda zetu za juu, ilikuwa hapa maelfu ya miaka, na pombe ya wazee wa Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, ilikuwa ya wimbi. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika. Wareno ndio wanaohesabiwa kuyafikisha pwani yetu, na huku magharibi yalishika nguvu hasa katika karne ya 20, pamoja na mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, eneo la Kitale, ambako vibarua walilishwa posho. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mahindi chotara ya H611, yaliyozaliwa kwa kukutanisha mbegu ya Kitale na mbegu iliyoletwa kutoka Ecuador, na ndani ya miaka michache mahindi hayo yalikuwa yamebadilisha mashamba kuanzia mlima Elgon hadi bonde la Nzoia. Wapishi wa busaa waliyapokea, lakini waliyapokea kwa masharti yao. Mahindi yalipewa kazi ya kujaza pipa. Ufunguo wa kuyafungua ulibaki kwa wimbi. Mpaka leo mpishi anayejiheshimu hatumii kimera cha mahindi ikiwa wimbi linapatikana, hata gorogoro la wimbi likiwa na bei ya kuumiza. Hata Wachagga wa Kilimanjaro, ambao pombe yao, mbege, ni ya ndizi, hawakuliacha wimbi: kimera ni chake kule pia.

Kuhusu Kitale na Bungoma zenyewe, wanywaji wana ubishi wa miaka mingi ambao naupenda sana. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai unataka blanketi mbili. Bungoma mjini ni karibu mita 1,400, na joto lake ni la nyanda zinazoelekea Uganda. Ukisafiri kwa matatu kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa, ukashuka kuelekea Kimilili na Chwele, unalihisi joto likiongezeka dirishani. Pipa nalo linalihisi. Busaa ya Bungoma huwahi, povu lake hupanda kwa kishindo, na uchachu wake huja mapema. Ya Kitale hujivuta. Mpishi wa Kitale katika miezi ya baridi hulisogeza pipa karibu na jiko, hulivika magunia, na bado huongeza siku. Watu wa Bungoma husema busaa ya Kitale imelala. Watu wa Kitale husema ya Bungoma ina haraka ya kufika mahali isipopajua. Mpishi aliyeolewa kutoka Bungoma kwenda Trans Nzoia lazima ajifunze upya saa za pipa, na nimesikia wakisema kwamba mwaka wa kwanza ndio mgumu.

Huko Ureno, nchi ile ile ya walioleta mahindi, kuna mvinyo wa Porto unaotoka bonde la mto Douro, ambalo mipaka yake iliwekwa rasmi mwaka 1756. Wapenzi wake, hasa wale wanaowafuata wazalishaji wadogo wenye shamba moja na pishi moja, wanayo tabia ninayoitambua: wanamjua mtengenezaji kwa jina, wanajua mteremko wake unatazama wapi, wanasafiri kwenda kuonja, wanabishana. Ufundi wao umeelekea upande mwingine kabisa. Zabibu zikiwa bado katikati ya kuchachuka, humiminiwa pombe kali ya zabibu, kama sehemu moja ya tano ya mchanganyiko, hamira inakufa, utamu unabaki, na mvinyo unapata uhai wa kukaa miaka hamsini ukizidi kuwa bora. Wao wameusimamisha wakati. Mpishi wa busaa anaenda nao; anachokupa leo kesho ni kitu kingine na keshokutwa hakipo. Sioni kwa nini wa kwanza aitwe msanii na wa pili aitwe mama pima. Kupatia mara moja na kuhifadhi ni ujuzi mkubwa. Kupatia kila wiki, kwa moto wa kuni, na wimbi ambalo kila gunia lina tabia yake, ni ujuzi ambao mimi binafsi nauweka juu zaidi.

Busaa ya mrija inastahili maneno yake. Hapa haichujwi. Nyungu inawekwa katikati, wazee wanaizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, ambao Wabukusu wanauita lusekhe, na mwishoni mwake mna kichujio kidogo cha kuzuia machicha. Maji ya moto yanaongezwa kadiri nyungu inavyopungua, na anayeyaongeza anatakiwa awe na mkono wa kiasi. Akizidisha, wote watajua mara moja. Mazungumzo ya mrija hayafanani na ya kikombe. Huwezi kunywa na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayesema anasikilizwa na wanaovuta, kisha zamu inahama. Mashauri ya mahari na mipaka ya mashamba yamepitia hapo. Kwa upande wa pili wa mlima Elgon, Mbale na Tororo, utaikuta nyungu na mirija vilevile kwa jina la malwa. Na namna hii ya kunywa ni ya kale kuliko tunavyodhani: mihuri ya Mesopotamia inawaonyesha watu wameketi kuzunguka mtungi na mirija mirefu mikononi, na mwaka 2022 watafiti walitoa hoja kwamba mabomba ya dhahabu na fedha yaliyofukuliwa mwaka 1897 katika kaburi la Maykop, kaskazini mwa Kaukazi, yalikuwa mirija ya kunywea pombe ya nafaka zaidi ya miaka elfu tano iliyopita. Ya kwetu ni ya mti, na inatumika.

Miaka ya shufwa, Agosti ikifika, Bungoma yote husikika kengele za vijana wanaojiandaa kutahiriwa. Siku chache kabla ya kisu kunayo hatua ya khuchukhila, ambapo kijana huteka maji na kuyamimina kwenye nyungu ya pombe itakayonywewa na waliokuja kumsindikiza. Pombe hiyo haiwezi kununuliwa mahali ikaletwa. Lazima ianze pale nyumbani, na yeye awe na mkono wake ndani yake. Kwa wapishi huo ndio mtihani mkubwa kuliko wote: ukoo mzima utakuja, wajomba watakuja na ndimi zao, na busaa lazima iive siku ile ile. Si jana yake, si kesho yake. Anayeliweza hilo anatafutwa na nyumba kumi.

Sheria haijawahi kuwa rafiki thabiti wa mafundi hawa. Kulikuwa na miaka ya vilabu vya busaa vyenye leseni, kulikuwa na miaka ya kufungiwa. Chang'aa, ambayo ni pombe ya kukenekwa na ni kitu kingine kabisa, ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na marufuku hiyo ikaondolewa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo Wakenya wanaiita sheria ya Mututho. Tangu ugatuzi, leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti. Katika misukosuko yote hiyo busaa imetiwa kapu moja na vinywaji vya sumu vilivyopofusha na kuua watu, na hilo ni kosa la kutoona tofauti iliyo wazi. Kila mpishi wa umri mkubwa ana kisa cha pipa lake kumwagwa, siku nne za kazi zikaingia ardhini kwa teke moja. Na kila mmoja wao anaweza pia kukuonyesha mtoto aliyesomeshwa kwa pipa hilo hilo. Napenda kaunti za Bungoma na Trans Nzoia ziwatambue hawa kama zinavyowatambua wachongaji na wasusi: ziwape mahali safi pa kupikia, maji ya kuaminika, na siku ya mwaka ya kuonjeshana mbele ya wazee wenye ndimi. Maana wapo pia wanaoharibu, wanaotia sukari na hamira ya dukani ili pipa liwahi soko, na bila mahali pa kushindanishwa hadharani mpishi mwaminifu na huyo wa haraka wanauza kwa bei moja.

Mimi, nikiulizwa upande wangu katika ubishi wa miji miwili, nasema Kitale. Naitaka ya mwezi wa saba, iliyokaangwa mpaka karibu na weusi, ikakaa siku nne kwa sababu ya baridi, ikafunguliwa Jumamosi alasiri. Ule mwendo wa polepole huiachia ladha ya moto ikae mbele na uchachu uje nyuma yake. Lakini kimera chake kitoke kule chini, soko la Chwele, kwa yule mama anayetafuna punje akiwa amefumba macho. Rafiki zangu wa Kanduyi wanasema nikikubali kimera ni chao nimekubali busaa ni yao. Ninawajibu kwamba moto ni wetu, na wanacheka, na mmoja wao huwa tayari ameanza kueleza kwa nini moto wa kuni za Bungoma ni bora.